Asilimia 51 Isiyokwenda Mkutanoni



Juni 2024 nilikuwa likizo kule kwetu Magindu. Jioni moja nilikwenda kwenye kibanda umiza kilicho jirani na stesheni, si kwa ajili ya mpira, maana ligi ilikuwa imekwisha, bali kuchaji simu. Runinga ilikuwa imewashwa na habari ilikuwa moja tu: Simba. Wajumbe wa bodi upande wa mwekezaji walikuwa wamejiuzulu, mwenyekiti wa bodi Salim Abdallah, ambaye wengi humwita Try Again, alikuwa ameachia kiti, na Mohammed Dewji alikuwa anarudi kukikalia yeye mwenyewe.

Pembeni yangu aliketi mzee mmoja wa pale kijijini, Mwislamu, jirani yetu wa miaka mingi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akanitazama, akasema: "Frateri, wewe wanasema unasoma falsafa. Hebu niambie. Simba ni ya nani?"

Nilidhani ni utani, kwa sababu babu anajua mimi ni Mwananchi, yaani mtu wa Yanga. Nikajibu kiutani kwamba Simba ni ya porini. Hakucheka. Alitoa mfukoni kadi ya uanachama iliyokuwa imeviringishwa kwenye kipande cha nailoni, kona zimelika, akaiweka juu ya meza. Akasema, "Mimi nilisikiliza fainali ya 1993 kwa redio, tulipofungwa na Stella Abidjan hapa hapa Dar. Nililia kama mtoto. Leo watu wanajiuzulu, watu wanarudi, mimi nasikia kwenye runinga kama msikilizaji yeyote. Sasa nauliza, hii kadi ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali lile limenifuata hadi darasani, na makala hii ni jaribio la kulijibu. Naomba msomaji asiye mpenzi wa soka asifunge ukurasa. Swali la babu linagusa kila mahali ambapo wengi wanatoa na wachache wanaamua: ushirika, benki, kikundi cha kukopeshana, hata parokia.

Tuanze na yaliyotokea. Klabu tunayoiita Simba ilianzishwa mwaka 1936. Ilipitia majina kadhaa, likiwamo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Kwa miongo mingi ilikuwa klabu ya wanachama: una kadi, unalipa ada, una kura moja. Tajiri aliweza kusaidia usajili, akashangiliwa, lakini siku ya mkutano mkuu naye alikuwa na mkono mmoja kama muuza kahawa. Ilikuwa na sifa zake na matatizo yake. Fedha hazikutosha, hesabu hazikueleweka, na migogoro ilikuwa desturi. Watani wetu wasitucheke sana, lakini pia tusijifanye: Yanga nasi tuligawanyika vibaya katikati ya miaka ya sabini hadi ikazaliwa Pan African.

Mwaka 2016 Dewji alipendekeza kununua asilimia 51 ya hisa kwa shilingi bilioni 20, klabu igeuke kuwa kampuni. Mjadala ukawa mkubwa. Serikali ikaingilia kwa kuweka sharti kwamba katika klabu za wanachama, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Tarehe 3 Desemba 2017 wanachama walikutana Dar es Salaam na Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni. Mwaka 2018 katiba mpya ikapitishwa. Mchakato ukapita pia mikononi mwa Tume ya Ushindani na kuchukua miaka, na Julai 2021 ndipo mwekezaji alipoonyesha hadharani hundi ya bilioni 20.

Hapa tufanye hesabu ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ikifanywa kwenye kibanda chochote. Kama asilimia 49 ni bilioni 20, basi klabu nzima imethaminiwa kama bilioni 40.8, na ile asilimia 51 ya wanachama ni kama bilioni 20.8. Maana yake babu wa Magindu na wenzake, kwa kadi zao zilizochakaa, walikuwa wameweka mezani thamani kubwa kuliko ya tajiri. Hawakuileta kwa hundi. Waliileta kwa miaka zaidi ya themanini ya kulipa viingilio, kununua jezi, kusafiri na timu kwa malori, kulia na kushangilia. Jina la Simba ndilo lililokuwa mtaji, na jina hilo halikujengwa na mtu mmoja.

Sasa angalia kilichofuata upande wa maamuzi. Katika mfumo mpya kuna wenyeviti wawili. Mwenyekiti wa klabu anachaguliwa na wanachama, na mwenyekiti wa bodi anatoka upande wa mwekezaji. Novemba 2018 wanachama walimchagua Swedi Nkwabi. Septemba 2019 akajiuzulu. Januari 2020, baada ya Simba kufungwa na Mtibwa Sugar fainali ya Kombe la Mapinduzi, ulitoka ujumbe mtandaoni kwamba Dewji anaachia uenyekiti wa bodi, na muda mfupi baadaye akaendelea. Februari 2021 wanachama walimchagua Murtaza Mangungu, wakamrudisha tena Januari 2023. Septemba 2021 Dewji alimwachia kiti Salim Abdallah. Juni 2024 akarudi.

Simlaumu mtu kati ya hao, na sina uchunguzi wa nani alikosea nini ndani ya vikao. Ninachotazama ni jambo moja. Katika mabadiliko yote makubwa ya bodi, mwanachama wa kawaida alikuwa anapata habari kama mtazamaji. Mwenye 51 alikuwa anasubiri taarifa kutoka kwa mwenye 49. Hilo ndilo lililomfanya babu aulize kadi ni ya nini.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya nchi changa. Sivyo. Tutazame kampuni kubwa kuliko zote tunazozijua katika burudani, ile ya katuni ambazo wadogo zetu wanazitazama: Disney ya Marekani. Mwaka 2003 Roy Disney, mtoto wa kaka yake mwanzilishi Walt Disney, alijitoa kwenye bodi akimpinga mkuu wa kampuni, Michael Eisner. Kisha yeye na mwenzake Stanley Gold wakawazungukia wanahisa, wakubwa kwa wadogo, wakiwaomba wasimpe Eisner kura. Mkutano ulifanyika Philadelphia Machi 2004. Eisner hakuwa na mpinzani kwenye karatasi ya kura, lakini asilimia kama 43 ya kura zilimnyima. Mmoja wa waliomnyima alikuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California. Siku ile ile bodi ikamwondolea uenyekiti, ikampa George Mitchell, na mwaka uliofuata akaondoka kabisa.

Miaka ishirini baadaye, Aprili 2024, vita ikarudi pale pale. Mwekezaji Nelson Peltz alitaka kuingia kwenye bodi. Kundi lake lilikuwa na hisa za dola kama bilioni 3.5, fedha ambazo sisi hatuwezi hata kuzifikiria, lakini ndani ya Disney hazikufika asilimia 2. Pande zote mbili zikatumia mamilioni ya dola kwa barua na matangazo kuwashawishi wanahisa. Disney ina wanahisa wengi wadogo, watu wenye hisa chache walizonunuliwa na bibi au babu zao, na safari hii walitafutwa kama wapiga kura wa jimbo lenye ushindani. Mwishowe Peltz akashindwa na wajumbe wote 12 wa kampuni wakapita.

Sisemi Disney ni mfano wa utakatifu. Kule sheria ni hisa moja kura moja, na mwenye hisa milioni anamzidi mwenye hisa kumi mara laki moja. Lakini kuna jambo la kujifunza: mwenye nguvu alilazimika kuomba. Alilazimika kueleza mipango yake kwa maandishi, kwa watu ambao hakuwafahamu, kwa sababu kura zao zilihesabiwa na walizitumia. Nguvu ya 43 ya mwaka 2004 haikuwa wingi, maana hata nusu haikufika. Ilikuwa na nguvu kwa sababu ilijitokeza.

Hapa ndipo falsafa inaponisaidia kidogo. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, anazungumzia makundi mawili yanayogombana kuhusu haki. Kundi la kwanza linasema: sisi sote tu watu huru sawa, basi tuwe sawa katika kila kitu. La pili linasema: sisi tumewazidi mali, basi tuwazidi katika kila kitu. Aristotle anasema kila upande umeshika kipande cha haki na kukiita haki nzima. Anatoa mfano wa ushirika wa biashara: kama jumla ni mina mia moja na mmoja ametoa moja tu, si haki agawane sawasawa na aliyetoa tisini na tisa. Kwa hiyo tajiri ana hoja pale ambapo lengo ni mali tu. Lakini, anaendelea, watu hawakujikusanya katika jamii kwa ajili ya mali peke yake. Walijikusanya ili waishi vema. Kwa hiyo swali la nani aamue linategemea swali la kwanza: sisi tumekusanyika kwa ajili gani?

Nadhani hili ndilo swali ambalo halikuulizwa vya kutosha mwaka 2017. Tulibishana 51 au 49, bilioni 20 inatosha au haitoshi. Hatukuuliza klabu ipo kwa ajili gani. Kama ipo kwa ajili ya faida, basi mwenye fedha aamue na mwanachama awe mteja. Kama ipo kwa ajili ya furaha ya watu wake, kwa ajili ya vijana kucheza, kwa ajili ya mzee wa Magindu kuwa na kitu cha kukiita chetu, basi fedha ni mtumishi. Mtumishi wa lazima na wa kuheshimiwa, lakini mtumishi.

Mafundisho ya Kanisa yanatembea njia hiyo hiyo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, anakubali kwamba faida ni dalili halali kuwa biashara inakwenda vizuri, lakini anafundisha kwamba faida si lengo pekee, kwa kuwa kampuni ni jumuiya ya watu. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, katika Caritas in Veritate ya 2009, anasema wanaoendesha biashara wanawajibika si kwa wenye mtaji tu bali kwa wote wanaoguswa nayo: wafanyakazi, wateja, jamii inayowazunguka. Na zamani zaidi, mwaka 1931, Pius wa Kumi na Moja katika Quadragesimo Anno alionya kuhusu wachache wanaoshika madaraka makubwa juu ya fedha ambazo mara nyingi si zao, wamekabidhiwa tu kuzitunza. Ni kama aliwahi kukaa kwenye mkutano wa mwaka wa ushirika wetu.

Kuna hoja nzito upande wa pili, na sitaki kuikwepa. Rafiki yangu mmoja seminarini, Simba damu, aliniambia: "Frateri, acha maneno. Kabla ya uwekezaji tulikaa miaka bila ubingwa. Baada yake tukachukua ligi mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Tukafika robo fainali Ligi ya Mabingwa Afrika, si mara moja. Mei 2025 tumecheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Hizo kadi zenu zililetea nini?"

Ana haki. Hata sisi Yanga hatukurudi juu kwa sala peke yake. Tulirudi kwa fedha na mpangilio mpya, na mwaka 2023 tukafika fainali ya Shirikisho. Tena mikutano mikuu ya zamani haikuwa bustani ya Edeni. Palikuwa na kununuana na kupigana. Mwenye fedha zake asingeziweka mahali ambapo kelele za siku moja zinaweza kufuta mpango wa miaka mitano. Nakubali yote hayo.

Lakini naomba tuone anachokithibitisha. Anathibitisha kwamba mtaji na uongozi makini vinahitajika. Hathibitishi kwamba mwenye kadi hahitajiki. Makombe yanaonyesha fedha zilifanya kazi. Hayaonyeshi nani anamwajibisha nani siku kombe likikosekana. Na siku hiyo hufika kwa kila timu. Ikifika bila utaratibu wa wenye mali kuuliza na kujibiwa, watauliza kwa njia nyingine: kwa matusi mtandaoni, kwa kususia uwanja, kwa mawe. Watu walionyimwa swali halali hubaki na kelele.

Mpaka hapa ni kama nawalaumu wenye viti. Sasa niseme ninachoamini kwa kweli, na kitatuuma wengi. Tatizo kubwa la asilimia 51 ni asilimia 51 yenyewe.

Nianze na mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikisubiri majibu ya kidato cha sita, mama alinituma nimwakilishe kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Alikuwa na akiba ya laki nne na nusu, fedha za ufuta wa misimu miwili, ametenga kwa ajili ya mabati. Mkutano ulichelewa kuanza. Mhazini alisoma hesabu haraka, kwa sauti ya chini, karatasi moja tu na haikusambazwa. Wali ulikuwa unanukia nje. Mwenyekiti akauliza, "Tunazipokea?" Nikanyoosha mkono. Sote tulinyoosha. Sikuwa nimeelewa hata tarakimu moja, lakini niliona aibu kuwa kijana mdogo anayechelewesha chakula cha wazee.

Baada ya miezi minane fedha hazikuwapo. Hadi leo haijajulikana vizuri zilikwenda wapi, kwa sababu hesabu za mwaka ule zilikuwa "zimepokelewa" na wanachama. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyozipokea. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, mwanangu, nyasi bado zipo." Nyumba yetu ilikaa na nyasi masika mengine mawili. Kila mvua iliponyesha usiku nikasikia anasogeza ndoo, nilijua ni kwa sababu ya mkono wangu.

Ndiyo maana siwezi kumcheka mwanachama wa Simba wala wa Yanga. Wangapi kati yao wamewahi kusoma katiba ya klabu? Wangapi ada yao imelipwa, ili wawe na haki ya kupiga kura? Wangapi wakifika mkutanoni huuliza hesabu zilizokaguliwa kabla ya kuuliza usajili wa mshambuliaji? Tunajua jina la beki aliyesajiliwa jana, hatujui jina la mkaguzi wa hesabu. Anayekuja na 49 iliyojipanga, yenye wanasheria na wahasibu, atamwongoza mwenye 51 iliyolala, na hatahitaji hila yoyote. Atahitaji tu kufika kwenye kikao kwa wakati.

Wala hili si la soka tu. Benki ya Mkombozi, iliyoanzishwa kwa juhudi za Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ilifungua milango 2009 na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2014. Waamini wa kawaida walinunua hisa, wengine baada ya kusikia tangazo kanisani. Vizuri sana. Lakini wewe uliyenunua, tangazo la mkutano mkuu likitoka, unalisoma? Unajua kwamba usipoweza kusafiri sheria ya kampuni inakuruhusu kumteua mtu akupigie kura kwa niaba yako? Mwalimu wa shule ya msingi Magindu anaweza kudhani hana hisa popote, lakini makato yake ya PSSSF yamo katika hisa za CRDB. Watu wanamiliki vitu na hawajui. Na asiyejua anamiliki hawezi kuuliza.

Wapo waliouliza, na walikuwa wachache kuliko sisi. Mwaka 2018 huko Marekani, masista wa Shirika la Majina Matakatifu ya Yesu na Maria, wakiwa na hisa 200 tu katika kampuni inayomiliki Smith & Wesson, watengenezaji wa bunduki, walipeleka pendekezo kwenye mkutano wa wanahisa: kampuni itoe taarifa inafanya nini kuhusu usalama wa silaha zake. Uongozi ulipinga. Wanahisa wakapiga kura na pendekezo la masista likapita. Hisa 200 katika kampuni kama ile ni punje. Lakini masista walisoma kanuni, waliandika kwa muda unaotakiwa, wakatafuta wa kuungana nao.

Na sisi tulio ndani ya seminari, kesho tutakuwa upande wa pili wa meza. Tutakuwa tunashika sadaka, zaka na mavuno. Parokia si kampuni, na paroko hachaguliwi kwa kura za waamini. Lakini Sheria ya Kanisa haituachi huru na vitabu vya fedha. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la masuala ya fedha. Kanuni ya 1287 inataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini kuhusu mali ambazo waamini wenyewe wamezitoa. Mitume, waliponung'unikiwa kuhusu wajane waliosahauliwa katika mgawo, hawakuwaambia watu wanyamaze. Waliita mkutano, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Kama Petro aliona si dharau kuulizwa habari ya chakula cha wajane, padre kijana hawezi kuona dharau kuulizwa habari ya mifuko ya saruji.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote madogo. Kwanza, kila mwenye kadi, hisa au kitabu cha akiba asome katiba ya chombo chake japo mara moja, hasa sehemu ya mkutano mkuu na hesabu. Pili, jumuiya zetu ndogondogo zitumie jioni moja kwa mwaka kufundishana kusoma ukurasa mmoja wa mapato na matumizi. Kila kigango kina mwalimu au muuza duka anayeweza. Tatu, tukubaliane kwamba hesabu zisizosambazwa kwa maandishi hazipokelewi, hata kama wali unapoa. Anayeuliza asiitwe mkorofi. Anafanya kazi ya wote.

Pasaka iliyofuata nilimkuta babu pale pale. Nilimwambia nina jibu. Nikamweleza habari ya 51 na 49, ya Philadelphia, ya masista na bunduki. Alisikiliza kwa subira, kisha akauliza mkutano mkuu hufanyika wapi. Nikamwambia Dar es Salaam. Akauliza nauli. Tukapiga hesabu ya bodaboda hadi Mlandizi, basi hadi mjini, na kurudi. Akanyamaza kidogo.

"Na ada yangu," akasema, "sijalipa miaka sita."

Nikamwambia basi aanze na hapo. Akairudisha kadi kwenye nailoni. Kisha akaniuliza mimi, kijana wa Yanga, kadi yangu iko wapi. Nikaona haya, kwa sababu sijawahi kuwa nayo. Miaka yote hii nimekuwa nikisema "timu yetu" bila kulipa hata ada ya mwezi mmoja.

Tumekubaliana nikirudi likizo ijayo kila mmoja atamwonyesha mwenzake risiti.